Familia ya Bibi, Pangani (kikundi)

Mama Latifa: Asalam alaykum wote. Jana tulikwenda Farmville, kaunti ya Prince Edward hapa Virginia, Marekani. Kaunti ni kama wilaya kwetu, mashamba matupu. Latifa anaandika habari za mgomo wa 1951 kwenye shule ya Moton. Sasa ni makumbusho.

Kaka Omari: Waalaykum salaam. Mgomo wa walimu?

Mama Latifa: Wa wanafunzi, kaka. Shule ya watoto weusi, ilijengwa 1939 ya watoto 180, wakajaa zaidi ya 450. Wakaongezewa vibanda vya mbao na karatasi ya lami. Ukikaa karibu na jiko unaungua, ukikaa mbali unavaa koti darasani. Mvua ikinyesha, miavuli inafunguliwa ndani!

Zuhura: Ya Rabi. Nani aliwaongoza?

Mama Latifa: Barbara Johns, binti wa miaka 16. Mwalimu mkuu alipigiwa simu ya uongo kuwa wanafunzi wana matatizo mjini. Alivyotoka tu, wote wakaitwa ukumbini. Walitaka jengo jipya tu. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakawaambia, tutawasimamia mkidai ubaguzi wenyewe uondoke. Kesi ikaunganishwa na ya Brown, iliyopinga kutenga weusi na weupe shuleni, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ikawapa haki.

Kaka Omari: Alhamdulillah, wakashinda.

Mama Latifa: Ngoja. 1959 kaunti ikafunga shule zote za umma ili weusi na weupe wasikae darasa moja. Miaka mitano! Wazungu wakafungua shule yao binafsi.

Zuhura: Bibi yuko hapa, anauliza: hao weusi wakaenda wapi?

Mama Latifa: Wenye ndugu mbali walipelekwa kwao. Wengine walifundishwa makanisani. Kuna ambao hawakurudi shule tena.

Zuhura: Bibi anasema: "Mimi nilipelekwa Tanga kwa shangazi nisome, nina miaka minane. Kila usiku nalia namtaka mama. Lakini baba yangu alinipeleka kwa mapenzi. Hao walifukuzwa na wakubwa wa kwao."

Kaka Omari: Wa miaka 7 shule zilipofungwa, zinafunguliwa 1964 ana 12. Umri wa Latifa.

Mama Latifa: Hilo ndilo lililomnyamazisha Latifa njia nzima. Mwaka 2004 jimbo lilianzisha ufadhili wa masomo kwa waliokosa shule. Watu wazima, wengine wana wajukuu.

Latifa: Shikamoo Bibi. Nilikaa kwenye ukumbi wenyewe.

Zuhura: "Marahaba mjukuu wangu. Ukimaliza kuandika unipigie, unisomee. Polepole, na kwa Kiswahili."