Tupeane uzoefu: Karamoja hadi Kidepo kwa gari lako mwenyewe

Kijana_wa_Ntinda: Wakuu, shikamooni. Desemba mimi na shemeji tunataka kwenda Kidepo, ile mbuga ya wanyama iliyoko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kutoka Kampala, tunaendesha wenyewe. Gari ni Prado ya zamani. Najua Uganda hatuna jangwa kama Chalbi ya Kenya, ila Karamoja kiangazi ni kukavu kwelikweli na ukiharibikiwa uko peke yako. Picha za simba tumeshaziona. Nataka habari za njia.

Mzee_wa_Mbale: Marahaba. Njia ni mbili. Wengi hupita Karuma, Gulu, Kitgum mpaka Karenga. Mimi hupita Nakapiripirit hadi Moroto, kisha Kotido na Kaabong. Mpaka Moroto ni lami, unateleza tu. Kuanzia hapo nilikuta marram, yaani changarawe, matuta madogo madogo kama bati, meno yanagongana.

Dereva_Lira: Watu huogopa kiu. Mimi kule nilikwamishwa na maji. Ilikuwa Agosti, kati ya Kotido na Kaabong. Juu yetu jua kali, hata wingu hakuna, ila mvua ilikuwa imenyesha milimani. Korongo ambalo kiangazi unavuka bila hata kupunguza mwendo lilikuwa limejaa maji ya kahawia, yanabeba matawi ya miti. Mbele yetu lori la mbuzi, na utingo anamhimiza dereva apite, eti lori ni zito. Mchungaji mmoja mwenye shuka akachomeka fimbo ukingoni, akaweka kigoda chake chini, akakaa. Hakusema neno. Dereva akatazama ile fimbo, akazima injini, na sisi tukazima. Baadaye maji yakaiacha fimbo pakavu, yakashuka, alasiri tukapita. Ng'ambo ndiyo kazi ikaanza: ule udongo mweusi. Unajaa kwenye tairi mpaka linakuwa laini kama sabuni, usukani unazunguka tu na gari linakwenda linakotaka. Desemba utakuta pamekauka, lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi kunywa chai taratibu. Jua lifanye kazi kwanza.

Fundi_Katwe: Kiangazi adui ni mchanga na miba ya migunga. Mto Kidepo, ndani ya mbuga, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Punguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, ingiza 4x4 kabla ya kushuka, usisimame katikati. Kwa hiyo beba pampu ya kuchomeka kwenye betri, la sivyo utarudi barabarani na tairi laini. Spea mbili. Na chini ya jeki weka ubao, mchanga unaimeza.

Mke_wa_Afande: Usiku msiendeshe. Kila mji mkifika, ulizeni polisi au jeshi hali ya barabara ya mbele, maana wizi wa ng'ombe hubadilisha mambo ghafla. Wanajeshi wetu Kiswahili ndiyo lugha yao, mkisalimia vizuri mtaambiwa kila kitu.

Kijana_wa_Ntinda: Asanteni. Na mafuta?

Dereva_Lira: Jaza Kitgum, hata kama mshale haujafika nusu. Ukipita upande wa pili, Moroto na tena Kotido. Dumu la akiba lifunge juu ya keria, si ndani mnamopumua.

Mzee_wa_Mbale: Na maji ya kunywa msihesabu ya watu wawili tu. Mtu atawasimamisha aombe, na hapo hamtamnyima.