Naomba ushauri: masizi ya ekzosi (bomba la moshi) yanachafua shetri (sehemu ya nyuma) ya boti na nguo za wageni

MwanaTumbatu (mwanzisha uzi)
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina boti ya faiba ya futi 36 inayopeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi, Unguja, na mashine yake ni ya dizeli ya ndani, ya mitungi sita, yenye turbo. Tangu kusi ilipoanza imekuwa ikitoa moshi mweusi, na shetri yote, ambayo ni nyeupe, huwa imetapakaa masizi kabla hatujarudi pwani. Kwenda si tabu, kwa sababu tunaukabili upepo. Kurudi ndiko kwenye balaa, kwani upepo unakuwa nyuma na masizi yanaingia ndani. Juzi mama mmoja alishuka na fulana nyeupe yenye madoadoa meusi begani, na hoteli inayonipa wageni imeniambia wazi kwamba nisiporekebisha itatafuta boti nyingine. Nimekwishabadilisha oili, filta ya mafuta na filta ya hewa. Ninachotaka kujua ni dawa gani ya kuchanganya na dizeli inayoondoa masizi, na kama bomba la ekzosi likipandishwa juu kama la lori tatizo litakwisha.

KijanaWaMkokotoni
Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, uza hiyo dizeli, funga mashine mbili za nje za petroli, za mipigo minne, upumzike. Mimi nilikuwa na zile za zamani za mipigo miwili, ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, sehemu moja kwa hamsini. Vijana wangu walikuwa wakikadiria kwa macho, na kila asubuhi ufukwe mzima ulijua kwamba tunaondoka.

MwanaTumbatu
Shukrani, lakini moshi wako ulikuwa wa buluu, yaani wa oili. Wangu ni mweusi, na sina uwezo wa kununua mashine mbili.

FundiNozeli
Hilo la rangi umelisema vizuri. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe ama ni mvuke, ama ni dizeli iliyotoka bila kuwaka. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa iliyomo ndani ya mtungi, ikaungua nusu na iliyobaki ikawa kaboni. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote tunauliza mambo mawili: hewa imepungua wapi, au mafuta yamezidi kwa nini? Hewa hupunguzwa na filta chafu, turbo iliyojaa uchafu, kipoza hewa kilichoziba, au chumba cha mashine kisicho na matundu ya kutosha. Mafuta huzidi kwa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) mbovu, au kwa mzigo unaoishinda mashine. Nijibu haya: bati la mashine linasema mizunguko mingapi kwa dakika ukivuta mafuta yote, nawe unapata mingapi? Na kabla moshi huu haujaanza, ulibadilisha nini katika boti?

MwanaTumbatu
Hakuna kilichobadilika cha maana. Nozeli zimepimwa na ni nzima. Fundi wa kuchomea bomba amekwishachukua nusu ya fedha zake, kwa hiyo hilo la bomba naliona kama limepita. Nilitaka zaidi jina la dawa.

MamaMwanakwerekwe
Mimi sijui mashine ila nafua nguo za nyumba ya wageni. Huyo mama mwambieni asiitie fulana yake maji wala asisugue, kwa sababu masizi yakisuguliwa yanaingia ndani ya uzi. Aikung'ute kwanza ikiwa kavu, kisha atumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu. Na shetri ya boti ipakwe nta ya gari mara kwa mara. Masizi hayataiganda sana.

MlinziWaMenai
Nasikitika kwamba habari yote hapa ni fulana na hoteli. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mgeni anauvuta siku moja na kurudi kwao, lakini nahodha na vijana wake wanauvuta msimu mzima, tena wakiwa wamekaa shetri, mahali pabaya kuliko pote: boti ikienda kasi hewa ya nyuma yake hupungua nguvu, na moshi huvutwa kurudi ndani hata siku isiyo na upepo. Huku kwetu Kizimkazi tumo ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997, na bado zipo boti zinazowafukuza pomboo huku zikitoa wingu jeusi. Mwenye boti aanze kujiuliza kuhusu vijana wake.

BaKombo_Wete
Maalim amesema kweli, ila tusimwache mwenzetu na hotuba. Mwanangu, mara ya mwisho boti hiyo ilipandishwa pwani lini? Sisi tulipokuwa vijana, chombo kikianza kuwa kizito tulikisubirishia bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, tukakitia magadi ya kukiegemeza kisianguke, tukakikwangua, tukakichoma kwa makuti na kukipaka deheni, mafuta ya kukinga mbao, na kilipoteremka majini tulikiona kimekuwa chepesi hata kabla ya tanga kupandishwa. Faiba huichomi, lakini mwani na magamba yakiganda tumboni mashine inavuta mzigo usiouona. Nilipata kusafiri kwenda Tanga katika mashua ambayo nahodha wake alilaani mashine njia nzima, na tulipofika tukakuta chini kumeota bustani.

FundiNozeli
Ba Kombo yuko katika njia ileile ya mzigo. MwanaTumbatu, nimekuuliza mizunguko, hukunijibu. Kipi ni cha maana na kipi si cha maana, niachie mimi.

MwanaTumbatu
Haya. Bati linasema 2,600, mimi napata 2,250 tukiwa na wageni. Boti ilikwanguliwa baada ya Ramadhani. Kilichobadilika ni propela. Ile ya zamani iligonga mwamba maji yalipokuwa yamekupwa, bawa moja likakatika, na jamaa yangu akaniuzia ya boti yake, ya shaba, nzuri, kwa bei ya kindugu. Kipenyo ni kilekile ila pichi imezidi kwa inchi mbili. Na katika kipindi hichohicho niliweka benchi mpya na kujenga kighorofa cha mbao juu, wageni wakae wapige picha. Lakini sikubali kwamba ndiyo sababu, kwa maana boti ikiwa tupu inakwenda kwa kasi kuliko zamani, na wageni wanakipenda kighorofa kile.

FundiNozeli
Ndugu yangu, umeuficha mzizi ukatuonyesha majani. Pichi ni masafa ambayo propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu. Ukiizidisha, kila mzunguko unasukuma maji mengi zaidi. Gavana ya mashine, yaani kifaa kinachosimamia mizunguko, inaona mizunguko haifiki ulipoiagiza, inaongeza dizeli. Mizunguko haipandi, na turbo haipati moshi wa kutosha kuizungusha ilete hewa. Dizeli imejaa, hewa haipo, ndiyo masizi yako. Kwa makadirio, inchi moja ya pichi hula mizunguko 150 hadi 200. Umekosa 350, umeongeza inchi mbili, na juu yake kighorofa. Hakuna dawa ya chupa inayoondoa mzigo. Tena ukiendelea hivi utachoma vali na pistoni, na hapo ndipo utakapoikumbuka bei ya kindugu.

ChumaHakilali
Samahanini wakubwa, mimi naona hadithi hii imetungwa. Kila baada ya muda huja mtu na boti inayotoa moshi, anauliza dawa, na baada ya siku mbili huja mwengine na jina la dawa na namba ya simu. Tena kuna kitu hakiingii akilini. Boti ya faiba yenye mashine ya ndani huwa na ekzosi ya maji: maji ya bahari yanaingizwa kwenye kiwiko, pale bomba linapopinda, yaupoze moshi, kisha vyote vinatoka nyuma kwa mpira. Bomba kama hilo halipandishwi juu kama la lori, maji yatarudi kwenye mashine. Ama huna boti, ama huyo fundi hayupo.

MwanaTumbatu
Wallahi umenivunjia heshima. Sina dawa ninayouza. Ningekuwa nayo nisingeuliza. Ekzosi yangu ni ya maji kama ulivyosema, na kiwiko nilikifungua mwenyewe mwezi uliopita nikakikuta kimejaa chumvi na kaboni hata kidole hakipiti, nikakisafisha. Fundi amesema atayakata maji kwenye kiwiko, ayatoe ubavuni, na bomba la chuma lipande kavu kupitia chini ya benchi hadi juu ya kighorofa.

ChumaHakilali
Basi nayafuta niliyosema. Mtu asiye na boti hawezi kujua kiwiko kinavyoziba. Lakini ningependa zaidi kama ungekuwa muongo.

FundiNozeli
Simamisha kazi hiyo leo. Moshi mkavu wa mashine iliyoelemewa huweza kupita nyuzi 400 za selsiasi, na faiba huanza kulainika mbali sana chini ya hapo. Unataka kulipitisha bomba hilo chini ya benchi wanalokalia watu, jirani na mbao. Zipo boti zenye ekzosi kavu, lakini bomba lake hufungwa kinga ya joto mwanzo hadi mwisho na kupewa nafasi, na hata hivyo masizi hayapungui, yanahamia juu tu.

MwanaTumbatu
Na fedha nilizompa?

BaKombo_Wete
Mwambie akutengenezee kwa fedha hizohizo magadi ya chuma ya kusimamishia boti. Bamvua ikija utayahitaji ukivua propela.

FundiNozeli
Propela usiitupe, karakana ikiwa na vipimo inaweza kupunguza pichi, ili mradi boti ikiwa na mzigo kamili ifike 2,600 au ipite kidogo. Kabla ya kuivua fanya jaribio moja. Ukiwa katika maji yenye kina, vuta mafuta yote, kijana mmoja afungue mfuniko wa chumba cha mashine akiwa mbali na mikanda. Mizunguko ikipanda na moshi ukipungua, ujue benchi zako mpya zimeziba matundu ya hewa pia.

MwanaTumbatu
Benchi moja kweli imekaa mbele ya tundu la kulia, ila niliacha uwazi wa vidole vitatu. Kighorofa sikibomoi. Nitajaribu Ijumaa baada ya sala, siku ambayo sina wageni.

FundiNozeli
Bila wageni itakudanganya. Pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wao, na mingine uipandishe kwenye hicho kighorofa, kisha utuletee namba.