Korona ilikula kesi za rezidenti, vyuo vikajifanya havijaona

Wakuu, hili limefumbiwa macho kwa miaka. Janga la 2020 liliacha shimo kwenye mafunzo ya marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, na hakuna aliyelifukia. Vyuo vinahesabu miezi tu. Miaka imeisha? Ada imelipwa? Ingia mtihani!

Kwa wasioelewa: Machi 2020 hospitali nyingi duniani zilianza kwa kusimamisha upasuaji wa kupangwa. Henia, mawe ya nyongo, rovu, mtoto wa jicho. Sasa hizo ndizo kesi za kujifunzia, kwa sababu mgonjwa yuko imara, muda upo, na bosi (bingwa anayemfundisha) anaweza kumwachia rezidenti kisu huku akimsimamia. Dharura zilibaki, lakini saa nane usiku, na magauni ya kinga ya kuhesabu, bosi anafanya mwenyewe ili atoke haraka. Rezidenti anaandika kwenye logibuku (daftari la kesi zake) "nilisaidia" au "nilitazama". Jumla inapendeza. Chuja zile alizofanya mwenyewe tangu kupasua hadi kushona, ndipo utashika kichwa.

Kwa wanaosomea kutoa dawa za usingizi ilikuwa mbaya zaidi. Miongozo ilitaka mpira wa kupumulia uingizwe na mzoefu kuliko wote, na watu chumbani wawe wachache. Kwa usalama ni sahihi, sibishi. Ila aliyehitaji kujifunza ndiye aliyebaki nje ya mlango. Endoskopia (kuchungulia tumboni kwa mrija wenye kamera) vivyo hivyo: Uingereza walisimamisha zote zisizo za dharura, na mwanafunzi wa kolonoskopia, ile ya utumbo mpana, alitakiwa kufikisha angalau 200 ndipo apate cheti.

Na msiniambie "si walifungua baadaye?" Thieta (chumba cha upasuaji) inayobadilisha hewa mara 12 kwa saa inahitaji dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizo hewani kabla ya kuingiza mgonjwa mwingine. Inayobadilisha mara 6 inahitaji dakika 46. Zidisha kwa kila mgonjwa, ongeza kusubiri majibu ya kipimo, uone orodha ya siku inabaki na wangapi. Zikibaki chache, anayekatwa kwanza ni mwanafunzi, maana yeye ni mwepesi wa mkono kwa kesho, si kwa leo.

Wenzetu angalau waliandika kanuni. Marekani, bodi ya upasuaji ilikubali wiki 44 za kazi badala ya 48 kwa mwaka wa masomo 2019–2020, na upungufu wa asilimia 10 kwenye kesi, ambazo kiwango chake ni 850. Binafsi sipendi njia hiyo, kupunguza namba hakumfundishi mtu. Uingereza walifanya vizuri zaidi: kwenye tathmini ya mwaka wakaongeza matokeo mawili, 10.1 kwa aliyeathirika lakini anaweza kusonga mbele, na 10.2 kwa anayehitaji muda zaidi, bila kumhesabia kuwa kafeli. Na kule anayeongezewa muda ni mwajiriwa, mshahara unaendelea.

Huku kwetu? Miezi 6 ya nyongeza maana yake ada nyingine na kodi ya nyumba nyingine. Mwenye mwajiri, ruhusa ya masomo imeisha, kituoni wanamsubiri. Nani atainua mkono aseme "sijaiva, niongezeeni"? Atanyamaza, atafaulu maswali ya mdomo, atapelekwa mkoani awe bingwa pekee, na henia iliyokwama atakutana nayo huko bila bosi.

Tasnifu nazo! Pendekezo la utafiti lilipitishwa kwa wagonjwa 120 wa upasuaji wa kupangwa, kliniki imefungwa, mtu anaambiwa "badilisha mada". Kubadilisha ni kurudi kamati ya maadili na kuanza foleni upya.

Tunachotaka ni waraka, uandikwe sasa kabla ya janga lingine. Kesi zihesabiwe kwa kiwango cha ushiriki, si jumla. Upasuaji wa kupangwa ukisimama kupita muda uliotajwa, kila rezidenti apimwe ustadi wa mikono, na nyongeza ya muda isiwe na ada. Vifaa kinga vya rezidenti viwe kwenye bajeti, visiwe vya kuombaomba.

Mwenye waraka wa namna hiyo kutoka chuo chochote Afrika Mashariki auweke hapa tuusome.