Ulinganisho: mfumo gani wa dadu unawatofautisha wahusika kweli?

Mwenye_Meza:
Wakuu, habari zenu. Naendesha Dungeons & Dragons toleo la 5 (lile la 2014), mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, wachezaji wanne. Kero yangu ni moja: kwenye karatasi wahusika ni mbingu na ardhi, ila dadu likirushwa wanakuwa kitu kimoja. Chukua mlango uliokwama, ugumu 15: unarusha dadu la pande 20, unajumlisha nyongeza yako, ukifika 15 umefaulu. Mbabe wetu ana Nguvu 20, yaani nyongeza ya +5. Msomi ana Nguvu 8, yaani −1. Mbabe anafaulu 55%, msomi 25%. Wakijaribu kwa zamu, karibu mlango mmoja katika kila tisa mbabe anaugonga weee anashindwa, halafu msomi anakuja kuufungua. Meza nzima inacheka isipokuwa mwenye mbabe.

Nafikiria kuhamia mchezo mwingine wa aina hii. Kuna Pathfinder toleo la 2, kuna GURPS, na kuna ile familia ya Apocalypse World ya madadu mawili. Au nibaki nilipo na kurekebisha kidogo. Nipeni ulinganisho, na hesabu zikiwepo nitashukuru.

Hesabu_Tupu:
Tatizo lako ni dadu lenyewe. Dadu la pande 20 halina katikati: kila upande ni 5%, kwa hiyo tofauti ya pointi 6 ni 30% na haizidi hapo. GURPS inarusha madadu matatu ya pande sita, na unatakiwa upate namba isiyozidi uwezo wako. Mwenye 14 anafaulu 90.7%, mwenye 8 anafaulu 25.9%. Pointi ni zilezile 6, lakini pengo limekuwa karibu 65%.

Ukitaka kuona uchungu wenyewe, washindanishe hao wawili kusukumana mkono, kila mmoja na dadu lake la pande 20. Msomi anamshinda mbabe mara 91 kati ya 400, karibu 23%. Weka madadu matatu badala ya lile moja, nyongeza zilezile: inashuka hadi 6% hivi. Mimi ningehamia huko leo.

Kibwengo:
Hesabu_Tupu kasema kweli, ila kasema nusu. Madadu matatu yanatofautisha sana pale katikati, na huku pembeni hayatofautishi kitu. Kutoka 10 kwenda 12 unapanda kutoka 50% hadi 74.1%. Kutoka 14 kwenda 16 unapanda kutoka 90.7% hadi 98.1%, basi. Mabingwa wawili wanafanana labda mwendesha mchezo awarundikie makato: giza, haraka, mkono umejeruhiwa. GURPS inategemea makato hayo, na kazi ya kuyakumbuka yote katikati ya mchezo ni ya Mwenye_Meza, si ya Hesabu_Tupu.

Nahodha_wa_Ngazi:
Pathfinder 2 haijatajwa inavyostahili. Humo nyongeza ya ustadi ni ngazi yako (kiwango alichofikia mhusika) jumlisha 2, 4, 6 au 8 kutegemea umebobea kiasi gani. Asiyejifunza kabisa anapata sifuri, hata ngazi haihesabiwi. Ngazi ya 15, bingwa wa daraja la juu ana +23 kabla hujagusa uwezo wake wa kuzaliwa. Mwenzake asiyejifunza ana 0. Pengo limeshazidi dadu lenyewe! Linganisha na toleo la 5, ambako nyongeza ya ustadi inaanza +2 na kuishia +6 ngazi ya 17.

Halafu ukiupita ugumu kwa pointi 10 ni ushindi mkubwa, kwa hiyo kila +1 inafanya kazi mara mbili.

Hesabu_Tupu:
Nahodha, kwa waliojifunza wote ngazi inajifuta. Mwenye 2 na mwenye 8 wametofautiana pointi 6 tu, ileile 30% tuliyokuwa tunailalamikia. Na ugumu nao unapanda na ngazi. Unajumlisha namba kubwa ili ufike palepale.

Nahodha_wa_Ngazi:
Palepale pamoja na ushindi mkubwa. Usiruke hilo.

Mchungulia:
Mimi nimekuja kusoma tu. Ila huyo msomi apewe kazi ya milango rasmi.

Mama_Dadu:
Mnahesabu nani anafaulu mara ngapi, na hamuulizi kufaulu kwenyewe kunaonekanaje. Kwenye Apocalypse World (2010) unarusha madadu mawili: 10 kwenda juu umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu lakini kuna gharama, 6 kushuka mambo yanaharibika. Mwenye +3 anapata ushindi kamili 58.3% na anaharibu 8.3%. Mwenye −1 ni kinyume chake kabisa: 8.3% na 58.3%. Hesabu hiyo peke yake nzuri, na bado si siri ya mchezo. Siri ni kwamba kila aina ya mhusika ina mambo yake ambayo wengine hawaruhusiwi hata kuyarushia dadu.

Kwako wewe kila mtu anaruhusiwa kugonga mlango. Hapo ndipo mbabe anapoibiwa.

Mwenye_Meza:
Asanteni sana. Niongeze tu kwamba wako ngazi ya 6, wamezoea karatasi zao, na wawili kati yao wakisikia neno "makato" wanafunga madaftari. Kuhama kabisa itakuwa ngumu.

Kobe_Mzee:
Basi usihame. Angalia dadu linarushwa mara ngapi. Vitani mbabe anarusha tena na tena usiku mzima, kwa hiyo hata +3 inaonekana. Mlango ni mara moja kwa kikao, na dadu moja halimjui mtu.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo lako kina kanuni ya hiari ambayo wengi wanaipita: toa 5 kwenye uwezo, na ugumu wowote usiozidi hapo mhusika anafaulu bila dadu. Nguvu 20 inafungua mlango wa 15 moja kwa moja. Nguvu 8 inafika 3, yaani pazia.

Kibwengo:
Kobe, hapo milango yote ya kawaida imekufa. Watamtuma mbabe kila mahali, na msisimko umekwisha.

Kobe_Mzee:
Wamtume, ndiyo kazi aliyoichagua. Ukitaka msisimko weka mlango wa chuma, ugumu 20. Mbabe anahitaji 15 kwenda juu, 30%. Msomi anahitaji 21, na katika kujaribu uwezo, dadu likitua 20 halifaulu lenyewe kama ilivyo kwenye shambulio. Hawezi, hata akiomba. Kwa hiyo toleo la 5 linajua kutofautisha watu, sema waendeshaji tunapenda kuweka 15 kila mahali.

Na kama hujaafiki hata hilo, wakatalie kujaribu kwa zamu. Kundi zima lirushe mara moja, arushe aliye mbele.

Mwenye_Meza:
Nakwenda na hiyo ya kutoa 5, kwa uwezo wote. Msomi ana Akili 18, kwa hiyo maandishi ya kale ya ugumu 13 atayasoma bila kugusa dadu. Mwenye mbabe bado sijamwambia chochote. Kikao kijacho kinaanza na mlango.