Makava ya menyu kwa mgahawa wa samaki kando ya ziwa: nitumie nini?

MamaSato_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina mgahawa wa samaki hapa Kirumba, Mwanza, meza nyingi ziko nje upande wa ziwa. Menyu zangu ni A4 zilizopigwa laminesheni steshenari na zimeanza kufa: pembe zinaachana, maji yanaingia katikati, rangi zinachuruzika mpaka bei hazisomeki. Sato analiwa kwa mkono, mnajua wenyewe. Mteja ananawa, hajifuti, anashika menyu aongeze ugali. Usiku taa zikiwaka, wale wadudu wa ziwani nao wanajibandika humo humo.

Nataka makava 30 yenye hadhi kidogo. Fundi mmoja anasema ngozi bandia juu ya bodi, mwingine anasema mbao. Halafu bei hazitulii, sangara akiadimika tu nabadilisha. Nisaidieni, ila kejeli wekeni pembeni.

Kijana_wa_Igoma
Bandika QR kodi mezani, yameisha hayo.

MamaSato_Kirumba
Mdogo wangu, mzee kaja na simu ya tochi nimwambie askani?

FundiMajalada
Dada, kava na karatasi za ndani ni vitu viwili, usivigandishe pamoja. Kava likae miaka, karatasi zibadilike bei inapobadilika. Ukizibandika kwa gundi utaishia kufuta bei kwa peni.

Laminesheni yako imeharibiwa na mkasi. Steshenari wamekata plastiki sawasawa na ukingo wa karatasi, kwa hiyo karatasi iko wazi na inanyonya maji. Karatasi ikatwe kwanza iwe ndogo, plastiki iizidi milimita 3 kila upande, plastiki ishikane na plastiki. Chukua plastiki yenye unene wa maikroni 125 kwenda juu. Na uprinti kwa mashine ya leza. Rangi inayochuruzika ni wino wa maji.

Kava lenyewe: bodi ya kijivu ya hadikava, milimita 2, vipande viwili na ukanda wa mgongo katikati. Kati ya kipande na mgongo acha kama milimita 7, ukibana hapo ngozi itapasuka kwenye kukunja. Ndani pia pavishwe. Bodi ikivishwa upande mmoja, gundi ikikauka inaivuta na kava linabinuka kama chapati iliyosahaulika jikoni. Fundi akikwambia ndani tuache hivyo hivyo, aga uondoke.

Ngozi bandia ziko mbili na muuzaji anaweza kukuuzia yoyote kwa jina moja. PU ni laini na inapendeza, ila joto na unyevu vinaila, baadaye inabanduka magamba. Hapo ziwani chukua PVC, inafutwa kwa kitambaa na sabuni. Wahudumu wasiifute kwa sanitaiza, spiriti inaikausha inapasuka.

Seremala_Buzuruga
Mmesahau upepo. Pale Kirumba jioni menyu nyepesi inaruka mpaka kwa jirani. Ubao mmoja wa mninga mkavu, mwembamba, vanishi ya nje pande zote na ukingoni, karatasi inabanwa juu. Mninga haupindi hovyo.

FundiMajalada
Mninga sikatai, tena unapendeza. Ila 30 ni mzigo kwa mhudumu, na vanishi ikichubuka pembeni lazima urudie kupaka.

Bila_Chumvi
Ngozi ya sangara je? Viwanda vya minofu viko hapa hapa Mwanza, na ngozi ile ikichakatwa inatengeneza mikoba na viatu.

FundiMajalada
Weka ukanda mgongoni kama pambo, wageni watauliza. Kava zima hapana. Ngozi halisi, ya samaki au ya ng'ombe, inanyonya mafuta ya kukaangia na ikilowa kila siku inaota ukungu.

MamaSato_Kirumba
Asanteni. Sasa karatasi nazishikisha vipi zitoke kirahisi? Mpira ule wa kuvuta nimeuona mahali, ulikuwa umelegea.

FundiMajalada
Mpira unalegea kweli. Tafuta skrubu za dume na jike, yaani moja inajifunga ndani ya mwenzake, jozi mbili upande wa mgongo, unafungua kwa sarafu. Angalizo: tundu lisipite kwenye karatasi, maji yataingilia hapo. Kata karatasi upana wa sentimita 19, iweke kwenye mfuko wa laminesheni wa A4 ukiisogeza kulia. Kushoto inabaki plastiki tupu ya sentimita 2 na ushee, hapo ndipo utoboe.

Seremala_Buzuruga
Skrubu hizo hata kwenye ubao wangu zinaingia.

MamaSato_Kirumba
Basi PVC kwa meza zote, na mninga kidogo kwa zile za mbele zinazopigwa na upepo. Seremala, njoo inbox.

FundiMajalada
Sawa. Uliza pia gundi: ile nyeupe ya kawaida ya maseremala inalainika ikilowa. Kabla hujalipia yote, atengeneze kava moja, ulifute kwa sabuni kila baada ya mteja na usiku ulilaze meza za nje. Pembe zikianza kuachia, mrudishie abadilishe gundi ndipo aendelee na mengine.