Naombeni ushauri: zimamoto wa kujitolea wa kamji ninakoishi Ujerumani wananitaka, niingie au niachane nao?

Mpemba_wa_Baridi
Wakuu habari za humu. Niko Ujerumani mwaka wa nne sasa, jimbo la Hessen, kamji ka watu kama elfu nne hivi, nimemaliza Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi na nafanya kazi nyumba ya wazee. Kitu kilichonishangaza huku, zimamoto wa hapa hawalipwi. Wote. Fundi bomba, mwalimu, yule dada wa benki, wakiitwa wanaacha walichoshika wanakimbia. Jumamosi moja niko dukani kwa muuza mkate, ananikatia mkate wangu, mara kiunoni kwake kakaanza kulia kale kamashine ka kuwaitia kwenye matukio, wanakaita Melder, jamaa katoka mbio na aproni yake, unga mikononi, mashine ya kukatia inaendelea kunguruma. Tulikuwa watu sita kwenye foleni na hakuna aliyelalamika, bibi mmoja kazunguka kaunta kaizima tukasubiri mkewe ashuke.

Sasa huyo huyo ndo kaniambia njoo Jumanne jioni. Anasema mchana wanakosa watu maana wengi wanashinda kazini Frankfurt, na mimi kwa shifti zangu mchana mara nyingi nipo nyumbani. Moyo unataka, kwa sababu nyumbani niliwahi kuona nyumba ya jirani ikiungua, tulikuwa tunapokezana ndoo na mchanga mpaka paa likaanguka, gari la maji likafika tumeshachoka. Ila nina hofu. Kijerumani cha ukubwani hiki nikiitwa kwenye redio nitaelewa? Na bosi je? Na mama nikimwambia nakimbilia moto kwa hiari yangu si atalia kwenye simu.

Shilingi_Mbili
Bure? Yani bure bure?? Mtu umevuka bahari kutafuta, unaenda kuungua bila posho. Chukua shifti ya ziada tuma hela nyumbani, acha wenye mji wao wauzime wenyewe.

KaziIendelee_Bukoba
@Shilingi_Mbili ndege ilipotumbukia ziwani hapa kwetu Novemba 2022 wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, kasia mkononi. Posho walikuwa wanadai nani? Mtoa mada nenda bwana. Huku zimamoto ni jeshi la serikali, unapiga 114 wanakuja walioajiriwa, sisi raia tunajitolea tu pale tukio lilipotukuta, hakuna anayetufundisha kabla. Wewe unapewa mafunzo na buti halafu unajiuliza?

Otieno_wa_Bomba
Boss, mimi niko jimbo la Niedersachsen, mwaka wa tano kwa Feuerwehr, hao zimamoto, wacha nikuambie vile iko. Kwanza moto ni kidogo sana. Unaitwa mti umeanguka kwa barabara, basement imejaa maji, lori imemwaga mafuta, na usishangae siku moja ukiitwa kwa hiyo hiyo nyumba yako ya wazee juu alarm imelia na kumbe ni mkate wa mtu umeungua kwa toaster. Masomo ya kuanza ni kama masaa 70, jioni na wikendi, sio ati unarushwa ndani ya moshi siku ya kwanza. Kuvaa mtungi wa hewa ni kozi ingine tena, na daktari lazima akupime, mapafu, masikio, unakanyaga baiskeli mpaka jasho. Na ndevu zinyolewe, hiyo sio matani, mask ikikaa juu ya nywele haifungi na moshi unaingia.

Kazi: sheria inasema mwajiri akuachilie ukiitwa na mshahara usikatwe, kama ni kampuni ya mtu binafsi mji unamrudishia hizo pesa. LAKINI wewe ni nurse, ukiwa shifti na wazee wako wawili wamelala kitandani wanakungojea usithubutu kutoka. Ongea na bosi wako kabla ya kujaza fomu, sio baada. Lugha nayo, maneno ya redio ni yale yale machache yanarudiwa, kichwa kinazoea. Chenye kilinisumbua mimi ni vile wazee wa kijiji wanaongea lahaja yao wakipiga stori baadaye, hapo hadi leo nacheka tu nikiona wengine wamecheka.

MamaZuhura77
Kaka yangu, mi niliwahi kujitolea upande wa huduma ya kwanza huku ughaibuni, hakuna aliyenitayarisha kwa ajali za barabarani. Wewe umezoea wazee wanaondoka taratibu, umewashika mkono, umewafunga macho. Barabarani unakuta kijana na simu yake inaita mfukoni, na kwenye kioo imeandikwa Mama. Wiki mbili sikulala. Uliza kabisa kama wana mtu wa kuongea naye baada ya matukio kama hayo, na ukiambiwa kaa kwenye gari usishuke, kaa.

Swalihina
Nasikia baada ya mazoezi ni bia tu, kweli? Sisi tusiokunywa tunafanyaje

Otieno_wa_Bomba
@Swalihina unachukua juisi ya tufaha na soda unakaa nao. Hakuna mtu anakuuliza. Wanakuuliza ukikosa kuja mazoezi.

Mpemba_wa_Baridi
Nimerudi wakuu, Jumanne nimeenda. Bosi nilimwambia kwanza kama mlivyosema, kasema nikiwa off ruksa, nikiwa shifti hapana, tumekubaliana. Pale nikapewa buti namba 44 zinabana nikapewa 45, halafu wakanifundisha kukunja mpira wa maji. Mita 20, unaukunja mara mbili unaanzia katikati ili vichwa vyote viwili vitokee nje, ukiurusha ukunjuke wenyewe. Wangu uliishia umejikunja kama chapati iliyokosa mafuta, binti wa miaka kumi na saba akauchukua akaurudia kwa nusu dakika bila kuniangalia.

Mama nimemwambia nimejiunga na kikundi cha mazoezi.

MamaZuhura77
Mwambie ukweli kabla hujatuma picha ya hayo mabuti.