Ombi la ushauri: Nimpeleke Mikumi mtoto wa miaka 9 mwenye usonji?

BintiKihonda (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuingia katika hifadhi ya wanyama akiwa na mtoto mwenye mahitaji maalumu, au anayefanya kazi ya kuongoza wageni na amewahi kuwahudumia watoto wa namna hiyo.

Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na ana usonji. Anaelewa mengi anayoambiwa, lakini yeye husema neno mojamoja, na akizidiwa hata hilo moja halitoki. Anampenda twiga kuliko kitu chochote. Ukuta wetu wa uani umejaa twiga wa chaki, na kila mmoja lazima awe na pembe mbili. Ukimchorea mwenye pembe moja anakurudishia chaki mkononi mpaka uongeze ya pili. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba havumilii kelele za ghafla, hujifungua mkanda na kushika kitasa cha mlango kila gari linaposimama, na chakula chake ni wali mweupe na ndizi mbivu, tena visigusane.

Shule yake imeandaa safari ya Mikumi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa basi dogo kutoka Dar es Salaam. Nimeshauriwa kwa upole kwamba ingefaa yeye abaki nyumbani. Baba yake naye anaona tusilazimishe mambo. Mimi naona anastahili kumwona twiga kwa macho yake, ila sijui kama nidai nafasi yake katika basi lile au twende kwa gari letu dogo, na tukiwa ndani ya hifadhi tukae kwa muda gani. Mama yangu anaishi Morogoro mjini, kwa hiyo malazi ya njiani yapo.

Mzee wa Mkata

Dada, nimeendesha magari ya wageni Mikumi kwa muda mrefu, nami nitakujibu kama dereva, si kama mtaalamu wa watoto.

Jambo la basi nalitazama hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi hifadhini ni karibu kilomita 300, na kwa hali ya barabara yetu, pamoja na malori na matuta, hesabu saa tano au sita kwenda tu. Watoto wa mabasi ya shule wengi hufika lango la Kikoboga wakiwa wamechoka, wana njaa na wanataka choo kwa wakati mmoja. Hata wasio na tatizo lolote hulia. Ndani ya hifadhi abiria haruhusiwi kushuka isipokuwa mahali palipotengwa, na dereva wa basi hawezi kukatisha ziara ya watoto 25 kwa sababu ya mmoja. Haki ya mwanao kwenda na wenzake siipingi, lakini kwa safari hii gari lenu linawapa kitu ambacho basi haliwezi kuwapa, yaani uwezo wa kugeuza na kuondoka dakika yoyote mnayotaka.

Laleni kwa mama Morogoro. Kutoka hapo hadi langoni ni kama kilomita 100. Ondokeni alfajiri mfike asubuhi mapema, kwa sababu wanyama huonekana vizuri kabla jua halijawa kali, na gari nalo halijageuka tanuri. Malipo hifadhini si ya fedha taslimu. Hutolewa namba ya malipo, nayo huchukua muda watu wakiwa wengi. Mtu mzima mmoja aende ofisini na vitambulisho, mwingine ampeleke mtoto chooni na kumtembeza pale langoni, kwa maana ndiyo nafasi yenu ya mwisho ya kunyoosha miguu kwa utulivu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba uwanja wa ndege ndogo uko palepale Kikoboga, na siku hizi ndege huleta watalii wa siku moja kutoka Zanzibar. Ikipita juu yenu ikitaka kutua, ina kelele kweli. Msisimame maeneo hayo. Pitilizeni kuelekea uwanda wa Mkata. Huko ni nyasi wazi, unaona mbali, na pundamilia, nyumbu, swala na twiga huonekana bila kutafutwa sana. Njia zake kuu gari dogo linapita kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba. Masika msijaribu, ule udongo mweusi ukilowa haumwachii mtu.

Muda? Saa mbili zinatosha. Mkimwona twiga ndani ya nusu saa na mtoto akaonyesha kuchoka, ondokeni. Na mwandaeni mapema: baadhi ya madume ya twiga wana kinundu cha tatu katikati ya paji la uso. Asije akadai chaki ya kukifuta.

MamaPacha

Hapo kwenye kinundu nimecheka, lakini ni ushauri wa maana kuliko unavyoonekana. Nami nina mtoto mwenye usonji, na mara nyingi kinachomvuruga ni kitu kuwa tofauti na alivyokitarajia, hata kama chenyewe hakina ubaya wowote.

Dada, mtengenezee ratiba ya picha. Piga picha nyumba ya bibi, gari lenu, lango la hifadhi (zipo nyingi mtandaoni), twiga, kisha tena nyumba ya bibi. Zibandike kwenye karatasi ngumu kwa mpangilio, na mzipitie kila siku wiki nzima kabla ya safari. Jambo likiisha, mwache yeye mwenyewe abandue picha yake. Usiweke picha ya simba, maana simba hana miadi na mtu, na mtoto atamdai mpaka jioni.

Kuhusu mlango, magari mengi madogo yana kizuizi cha watoto ubavuni mwa mlango wa nyuma. Ukikishusha, mlango haufunguki kwa ndani. Kijaribu wewe mwenyewe ukiwa umekaa nyuma, kabla ya siku ya safari. Madirisha ya nyuma nayo yafungwe kwa kitufe cha dereva. Hata hivyo, mtu mzima mmoja akae naye nyuma muda wote, kwa sababu mkanda ataufungua tu.

Hedifoni kubwa za kuziba masikio mpe azizoee nyumbani kwanza, nyakati ambazo hana shida yoyote. Ukizitoa siku hiyo kwa mara ya kwanza, zenyewe zitakuwa kero nyingine.

Mpenda Utulivu

Samahani kwa kutofautiana nanyi. Kwa nini mtoto ambaye hawezi kuvumilia honi apelekwe kilomita 300? Yapo maeneo madogo ya kuangalia wanyama hapo Dar es Salaam. Aanzie huko, na Mikumi isubiri akikua. Wakati mwingine sisi wazazi tunatafuta furaha yetu kwa jina la mtoto.

MamaPacha

Ndugu, hoja ya kuanza na padogo naikubali. Hoja ya kusubiri akikua siikubali, kwa sababu usonji si homa ya kusubiriwa ipite. Isitoshe, bustani ya wanyama siku ya sikukuu ina muziki, foleni na watoto wanaokimbizana. Uwandani kuna upepo tu. Kwa mtoto anayeteswa na sauti, mbugani huenda kukawa pepesi zaidi kuliko mjini.

Mkaazi wa Langata

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu tuna njia ya kati ambayo imetusaidia. Kando ya lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kuna Nairobi Safari Walk, ambayo ni njia ya mbao iliyoinuliwa, mnatembea kwa miguu mkiwatazama wanyama kutoka juu. Mtoto asiyetulia garini huwa afadhali hapo kwa sababu mwili wake unasonga. Kwa anayependa twiga, kipo pia Kituo cha Twiga kule Langata, ambako unasimama kwenye jukwaa lililo kimo sawa na kichwa cha twiga na kumlisha kwa mkono. Ulimi wake ni mrefu, wa rangi ya kijivu-zambarau, na una utelezi. Watoto wengine hufurahi mno na wengine hukataa kabisa kuguswa, basi mwache atazame kwa mbali kwanza. Najua kwako ni safari ndefu, lakini huenda ikawafaa wasomaji wengine walio karibu.

Muuguzi Moro

Nitaongeza machache ya afya. Usimpe dawa ya kumlaza au ya kuzuia kichefuchefu kwa mara ya kwanza siku ya safari. Baadhi ya dawa za namna hiyo, kwa watoto wengine, badala ya kutuliza huchangamsha kupita kiasi, na hutaki kuligundua hilo katikati ya hifadhi. Kama ana dawa za kila siku, zibaki katika saa zake, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Ikitokea dharura, Hospitali ya Mtakatifu Kizito iko Mikumi mjini, mbele kidogo ya hifadhi mkielekea Iringa.

Mbung'o nao wapo, hasa kwenye miti. Huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na kuuma kwake kunauma kweli hata juu ya nguo. Mvisheni rangi ya kahawia au kijani iliyofifia, na mkipita vichakani madirisha yafungwe.

BintiKihonda (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote, na Mpenda Utulivu nawe pia, maana uliyoyasema ndiyo anayoyasema baba yake. Nimemwonyesha uzi huu, na tumekubaliana kwenda wenyewe mwezi wa Agosti, tulale kwa mama, tuingie asubuhi na kutoka kabla ya mchana. Shuleni nitazungumza nao kwa ajili ya safari nyingine za karibu, kwa sababu sitaki kubaki nyumbani kuwe ndiyo mazoea.

Limebaki swali moja, kwa Mzee wa Mkata. Mwanangu akifurahi hupiga yowe, tena kali, na hurusha mikono. Akimwona twiga hilo halina budi kutokea. Najua kelele haziruhusiwi hifadhini. Je, tutafukuzwa?

Mzee wa Mkata

Dada, katazo hilo linawalenga wanaopiga honi na kufungulia muziki ili mnyama ageuke apigwe picha. Mkifika langoni, mwelezeni askari mapema kwamba mna mtoto wa hali hii, au chukueni mwongozaji wa kupanda nanyi ambaye atawajibu askari wengine mkikutana nao njiani. Sijaona mtu wa pale akimkaripia mtoto kwa furaha yake.

Kwa twiga, simamisheni gari mbali kidogo, madirisha yawe yamefungwa, zimeni injini kabla mtoto hajaonyeshwa, kisha mwonyesheni. Akipiga yowe, twiga atainua kichwa, atawatazama kwa muda mrefu kuliko mtakavyomtazama ninyi, na pengine atasogea hatua chache. Hapo mtoto atakuwa amepata alichokifuata.

Kwa tembo ni mambo mengine. Wakiwa na watoto wao, msiwasogelee na msizime injini, na kabla ya kusimama hakikisheni njia ya kuondokea iko wazi mbele yenu. Tembo mkubwa akigeuka na kutanua masikio kuwaelekea, ondokeni taratibu bila kungoja aongeze jambo la pili. Mikumi tembo ni wengi, kwa hiyo hili mzungumzeni na baba yake kabla hajashika usukani.